Je, wajua kwa nini kuua mbwa hakumalizi kichaa cha mbwa?

Mtoto ana homa. Anapewa maji, koo linamkaza, anakisukuma kikombe kwa hofu ilhali ana kiu. Baada ya siku chache anazikwa. Katika vijiji vya Siaya na Busia vilivyo mbali na hospitali, kifo kama hicho huzua minong'ono ya kurogwa. Nani atakumbuka mbwa aliyempapura mguuni miezi miwili au mitatu nyuma, na kidonda kikapona?

Virusi vya kichaa cha mbwa havisafiri kwa damu. Hupanda polepole kwenye neva, kutoka kidondani hadi ubongoni, safari ya wiki au miezi, mara chache hata mwaka. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Kijiji kikijua chanzo ni mbwa, marungu hutoka. Hupigwa wote, hata yule aliyelinda boma miaka yote bila kumdhuru mtu. Uchungu wa mzazi aliyezika naufahamu, lakini ukatili huo haumlindi mtoto wa jirani. Kichaa kilipoingia kisiwa cha Bali, Indonesia, mwaka 2008, mbwa wengi mno waliuawa na ugonjwa ukazidi kuenea. Watu wanaowapenda mbwa wao huwaficha, au huwapeleka kwa jamaa kijiji kingine, na virusi huenda nao. Wanaouawa nafasi yao hujazwa upesi na watoto wa mbwa wasiochanjwa. Tena rungu halichagui: waliochanjwa, waliokuwa wakiwakinga wengine, nao huuawa. Bali ilipochanja mbwa kisiwa kizima kuanzia 2010, vifo vya watu vilipungua sana.

Shirika la Afya Duniani linasema mbwa 70 kati ya kila 100 wakichanjwa, virusi hukosa pa kwenda. Kenya nayo imeweka mpango wa kumaliza vifo hivi ifikapo 2030, na chanjo ya mbwa ndiyo nguzo yake.

Ukiumwa na mbwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Mbwa mwenyewe, kama anaweza kufungwa salama, asiuawe. Afisa wa mifugo amchunguze siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, mate yake hayakuwa na virusi alipokuuma, na daktari anaweza kukusimamishia sindano zilizosalia.