Imechorwa, Lakini Si ya Mtoto: Dhana Potofu Kuhusu Filamu za Katuni za Kijapani

Mwezi uliopita mama mmoja alinirudishia diski akiwa amekasirika. Alikuwa ameiazima kwa ajili ya mwanawe wa miaka sita, maana kwenye jalada aliona watoto wawili na vimulimuli usiku, na kijana aliyekuwa zamu mlangoni hakumwuliza kitu. Mtoto alilia mpaka usingizi ukamchukua. "Kaka, si mlisema ni katuni?" Nilimwomba radhi, kwa kuwa kosa lilikuwa letu. Filamu yenyewe ni Grave of the Fireflies, na ndani yake mtoto wa miaka minne anakufa kwa njaa. Lakini alipokuwa anaondoka akaongeza: "Sasa kama si ya watoto, wameichora ya nini?"

Swali hilo nalisikia kila wiki. Ninaonyesha filamu Jumamosi jioni katika ukumbi mdogo hapa Tanga, na siku nyingine nafundisha vijana uhariri wa picha. Kila nikitangaza filamu ya kuchorwa kutoka Japani, watu wazima wanaleta watoto, wanawakalisha mbele, halafu wenyewe wanatoka kwenda kunywa kahawa barazani. Hapo ndipo uvumilivu unaponiishia.

"Katuni ni za watoto. Mtu mzima anayezitazama hajakua."

Nitakaa hapa kwa muda, maana dhana nyingine zote zimezaliwa na hii.

Chanzo chake nakielewa. Wengi wetu tulizikuta katuni kwenye televisheni katika vipindi vya watoto, tukaziacha huko pamoja na daftari za shule ya msingi. Japani mambo hayakwenda hivyo. Hadithi za picha huko huchapishwa katika majarida yanayolenga umri na jinsia: ya wavulana, ya wasichana, ya wanaume wazima, ya wanawake wazima. Mfanyakazi wa ofisini kusoma hadithi ya picha ndani ya treni ni jambo la kawaida, na filamu zikafuata njia hiyohiyo. Osamu Tezuka, ambaye kijana wake wa roboti, Astro Boy, alianza kuonekana kwenye televisheni mwaka 1963, alitoa mwaka 1969 filamu ya kuchorwa kwa ajili ya watu wazima, iliyotokana na Alfu Lela Ulela, hadithi zilezile ambazo wazee wetu wa pwani walizisoma na kuzisimulia.

Kwa hiyo aliyesema kuchora ni kwa watoto si Mjapani. Ni mazoea yetu.

Tuje sasa kwenye swali la yule mama, kwa sababu linastahili jibu la kweli. Wanachora ya nini?

Chukua Only Yesterday ya mwaka 1991, iliyoongozwa na Isao Takahata. Taeko ana miaka 27, hajaolewa, anafanya kazi ofisini Tokyo, anachukua likizo kwenda shambani mkoa wa Yamagata kuvuna maua ya rangi. Njiani anakumbuka mwaka 1966, alipokuwa na miaka kumi. Basi. Hakuna jini, hakuna upanga. Kuna hesabu za sehemu alizofeli, kuna wasichana wanaoanza kuongea kuhusu hedhi na wavulana wanaowacheka, kuna kofi moja la baba ambalo halijasahaulika. Hii ndiyo filamu ya Kijapani iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote nchini humo mwaka ule. Marekani haikusambazwa kwenye kumbi hadi mwaka 2016.

Nikiionyesha, watu wangu wa Tanga huchangamka kwenye nanasi. Baba analeta nyumbani nanasi bichi zima, kitu adimu kwao, na familia nzima inalizunguka bila kujua pa kuanzia kulikata. Linawekwa mpaka dada mkubwa ajifunze namna ya kulikata. Hatimaye kila mmoja anapata kipande, anatafuna, na nyuso zinabadilika taratibu: gumu, halina utamu waliousubiri. Mmoja baada ya mwingine anasukuma sahani pembeni. Taeko peke yake anaendelea kutafuna, anamaliza chake, anachukua na vya wengine, kwa sababu yeye ndiye aliyelitaka. Ukumbini watu wanaanza kwa kicheko, maana nani asiyejua kumenya nanasi? Kisha kicheko kinakatika. Kila aliyewahi kuomba kitu kwa wazazi kikaja si kama alivyokiota anakijua kile kimya.

Sasa tazama mchoro wenyewe. Sehemu za mwaka 1966 zimepakwa rangi hafifu ya maji, na pembeni mwa picha rangi inafifia mpaka weupe wa karatasi unabaki. Hivyo ndivyo kumbukumbu ilivyo: unaukumbuka uso wa baba na sahani, ila ukuta wa nyuma umepotea. Sehemu za Taeko mtu mzima zimejaa kila kona, na akicheka unaona misuli ya mashavu na mikunjo chini ya macho, kitu ambacho wachoraji wengi hukiepuka kwa kuwa kinazeesha uso. Takahata alikitaka. Alirekodi kwanza sauti za waigizaji wakuu wa sehemu hizo, ndipo nyuso zikachorwa kuwafuata. Kamera inapiga kilichopo mbele yake, pamoja na ule ukuta. Mchoraji anaacha ukuta nje kwa sababu Taeko ameusahau.

Na ile filamu ya vimulimuli, ya mwaka 1988, ni ya Takahata huyohuyo. Akiwa na miaka tisa alinusurika ndege za Marekani zilipoichoma Okayama, Juni 1945. Hadithi ameitoa kwa Akiyuki Nosaka, aliyempoteza dada yake mdogo kwa njaa mwaka uleule na kuiandika mwaka 1967. Mnaionaje njaa hiyo? Kupitia kopo la pipi. Mwanzoni kopo linalia likitikiswa. Baadaye pipi zinaganda chini, kaka mtu analigonga mpaka zitoke. Baadaye kabisa anatia maji ndani, anatikisa, anampa mdogo wake Setsuko anywe, naye anafurahi kwamba ladha zote zimo. Mwishowe anaanza kufyonza gololi akidhani ni pipi.

Ungempiga picha hiyo mtoto halisi wa miaka minne? Mtazamaji angejua moyoni kwamba baada ya mwongozaji kusema "kata" mtoto alipewa biskuti na mama yake alikuwa pembeni. Setsuko hana mama pembeni. Hakuna mwigizaji nyuma yake wa kukufariji, na ndiyo maana mtu wa miaka hamsini anatoka ukumbini kwangu hawezi kuongea.

Kwa hiyo nawaomba wazazi jambo moja, na nitalirudia mpaka nichoke: soma kwanza filamu inahusu nini. Jalada lenye mtoto halimaanishi filamu ni ya mtoto. Na ukileta watoto ukumbini, kaa nao.

"Ikisemwa ya watu wazima, basi ni ngono."

Hapana. Filamu za ngono za kuchorwa zipo, ni biashara nyingine kabisa. Japani ina chombo cha kupanga filamu kwa umri tangu 1949, na leo madaraja yake ni manne: wote, chini ya miaka 12 kwa uangalizi wa mzazi, 15 na kuendelea, 18 na kuendelea. Utu uzima ninaouzungumzia ni wa mambo ya moyoni: majuto, madeni, ulevi, ndoa isiyokuja, mzazi anayezeeka. Tokyo Godfathers ya 2003 inahusu watu watatu wasio na makazi wanaookota kichanga kwenye takataka usiku wa Krismasi. Mwongozaji wake, Satoshi Kon, alifariki mwaka 2010 akiwa na miaka 46, ameacha filamu ndefu nne tu, na hakuna hata moja isiyofaa kujadiliwa mbele ya watu wazima wenye heshima zao. Ila mojawapo, Perfect Blue, ina ukatili mkali. Hiyo nakuambia mapema.

"Zote zinafanana, macho makubwa tu."

Anayesema hivi ameona mbili. Weka Akira ya 1988, yenye jiji la taa na pikipiki lililochorwa mpaka kwenye nyufa za lami, karibu na The Tale of the Princess Kaguya ya 2013, ambayo ni mistari ya makaa na rangi ya maji kana kwamba mchoraji ameinua mkono sasa hivi. Halafu tazama nyuso za Kon: macho ya kawaida, pua za kawaida, watu unaoweza kukutana nao stendi.

"Ni rahisi kutengeneza, hakuna waigizaji wa kulipa."

Akira ilihitaji zaidi ya picha 160,000 zilizopakwa rangi kwa mkono. Kaguya ilichukua kama miaka minane. Wanafunzi wangu wakisikia hivyo wanaacha kulalamika kuhusu kuhariri dakika tatu.

"Zinachosha, hakuna kinachotokea."

Katika Spirited Away kuna safari ya treni juu ya maji. Chihiro, msichana wa hadithi hiyo, anakaa, abiria kama vivuli wanapanda na kushuka, hakuna anayesema neno kwa muda mrefu. Mwongozaji wake, Hayao Miyazaki, aliwahi kumweleza mhakiki wa Marekani Roger Ebert jambo hili kwa kupiga makofi mara chache: ule muda kati ya kofi na kofi, alisema, ndio *ma*. Kimya hicho kimewekwa kwa makusudi. Filamu hiyo ilishinda Dubu wa Dhahabu Berlin mwaka 2002 na Oscar mwaka 2003, kwa hiyo kimya chake hakikuwachosha majaji.

Ndiyo maana pia sitaki hizi zenye sauti ya msimulizi juu yake. Kwa filamu za ngumi, msimulizi wa kibandani ana raha yake na mimi mwenyewe nimekulia huko. Hapa anaua. Weka sauti za Kijapani, soma maandishi ya chini, na simu ikae mfukoni.

Anayeuliza aanze na ipi, namwambia Only Yesterday, asianze na ya vimulimuli. Na asinyanyuke majina yanapoanza kupita. Watu ukumbini kwangu walikuwa wanasimama wimbo wa mwisho ukianza, wanatafuta viatu, wanaaga, wakati Taeko yuko ndani ya treni na uamuzi wake mkubwa kuliko wote bado hajaufanya. Anaufanya humo, majina yakiwa yanapanda juu yake. Siku hizi siwashi taa mpaka skrini iwe nyeusi kabisa.