Kanvasi ya kuchorea ya kujitengenezea: yanayosemwa na yalivyo

"Kanvasi ya maana ni ya dukani."

Si lazima. Chukua merikani nzito ya kununua kwa mita pale soko la Kibuye, Kisumu, uifue mpaka wanga utoke na kitambaa kirudi kabisa, kisha uivute juu ya fremu ya seremala. Kwa mazoezi imetosha.

"Rangi ya mafuta hupakwa hivyo hivyo juu ya kitambaa."

Hapa ndipo jasho la wengi huenda bure. Mafuta ya kitani hukauka kwa kuvuta oksijeni ya hewani, na katika kukauka huko huzaa asidi inayokula nyuzi za pamba. Ninayo picha ya mashua za ufuo wa Dunga niliyoichora hivyo nikiwa mwanafunzi. Ukiigeuza, mgongo wake una madoa kama karatasi iliyofungiwa maandazi, na upande wa mbele rangi imepauka. Basi ziba kitambaa kwanza: jeso ya akriliki (rangi nyeupe ya maji ya kuandalia kanvasi) tabaka mbili au tatu, ukipiga msasa laini kila tabaka likikauka, halafu usubiri siku 3 kabla ya mafuta. Masika, unyevu wa ziwa ukizidi, ongeza siku. Gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa maji inaweza kutangulia jeso, lakini haishiki nafasi yake. Rangi ya ukutani isiyong'aa? Ya kujifunzia, sawa. Kazi ya kuuza, usithubutu.

"Kuipa kanvasi rangi kwanza ni urembo na hasara."

Hasara gani? Kijiko kimoja cha akriliki ya kahawia, maji kidogo na tambara, kanvasi imekwisha. Nyeupe tupu hudanganya jicho: kila rangi unayoiweka huonekana nzito kuliko ilivyo. Juu ya kahawia ya wastani, mwanga na kivuli vyote viwili unaviona tangu mwanzo.

"Rangi hiyo ya chini ikiwa nyeusi zaidi, ndiyo bora, kama ya Caravaggio, yule mchoraji wa Italia wa zamani."

Ni kweli alianzia gizani. Lakini rangi ya mafuta huzidi kupenyeza mwanga kadiri miaka inavyopita, na giza la chini hupanda juu. Baki katikati.

"Tapentaini ya kuzimulia rangi ni ghali, mafuta ya taa yanafaa."

Hayafai. Huchelewa kuruka na huacha ulaini wa mafuta. Kwa msingi wa akriliki huhitaji hata tapentaini, maji yanatosha. Ila akriliki ikae chini ya mafuta daima. Ukiipaka juu yake itabanduka.