Je, wajua kwa nini tochi ya simu haipakuliwi tena?

Stima ikipotea usiku hapa Lamu, vichochoro vya Mkomani huwa giza totoro, na kila mtu huwasha tochi ya simu kabla hajakanyaga mavi ya punda. Zamani mwenye iPhone ilimbidi kwanza apakue programu ya tochi, mara nyingi kazi ya mtu mmoja tu na kompyuta yake. Mwaka 2013 Apple wakaitia tochi ndani ya iOS 7, mfumo unaoendesha iPhone, mwaka uliofuata Android 5.0 ikaja na kitufe chake, na soko la wauza tochi likazimika.

Waandishi wa programu wana kitenzi cha msiba huu: kusherlokiwa. Chatokana na Sherlock, programu ya Apple ya kutafutia vitu. Mwaka 2001 kampuni ndogo ya Karelia ilitoa programu ya Watson, iliyokuletea bei za hisa na saa za sinema bila kufungua kivinjari. Mwaka uliofuata Apple wakatoa Sherlock 3, pacha wake kabisa.

Mbona hawashtakiwi? Hakimiliki hulinda msimbo ulioandikwa, wazo hailigusi. Fundi wa nakshi akipendezwa na ua kwenye mlango wa mwenzake, akaenda kulichonga kwa mkono wake, nani atamkamata? Akiubeba mlango, huyo mwizi. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ingeweza kusaidia, lakini ni ghali na huchukua miaka.

Ila fundi hana funguo za karakana ya mwenzake, na hapo ndipo mimi hukasirika. Programu ya f.lux, inayoipa skrini rangi ya joto usiku ili macho yasiumie, ilianza kwenye kompyuta mwaka 2009. Kwenye iPhone haikuruhusiwa, kwani Apple hawafungulii wageni sehemu ya simu inayotawala rangi. Novemba 2015 wenye f.lux wakapitia mlango wa nyuma, watu waitie kwenye simu bila kupitia duka la Apple. Apple wakawaambia waache. Machi 2016 ikatoka iOS 9.3 na Night Shift, kazi ileile.

Wapo waliopata chao. Kuvuta skrini chini ili habari mpya zije kulibuniwa na Loren Brichter katika Tweetie, programu ya kusomea Twitter, na mwaka 2010 Twitter wakainunua programu yake. Ukipita uwanja wa Mkunguni hapa Lamu siku ya mechi, utaona vidole vinavuta chini, vinavuta tena, bao bado.