Je, wajua kwa nini waumini wa kwanza wa kanisa la Bagamoyo hawakuwa watu wa Bagamoyo?

Swali hili aliniuliza mgeni wangu, mshirika wa kanisa la Presbiteri kutoka Thogoto, kule Kikuyu nchini Kenya. Tulikuwa tumepita njia ya miembe iliyopandwa mwaka 1871, ile inayotoka baharini hadi misheni, tukasimama chini ya mnara wa kanisa la zamani. Akautazama mnara, kisha akasema: "Kwetu, historia ya kanisa huanza na wazee wa kwanza. Walikuwa akina nani, wa mbari ipi, na nani alitoa shamba la kujengea. Hapa wazee wa kwanza walikuwa wa ukoo gani?"

Nikamjibu kwamba hawakuwa na ukoo. Alidhani nimemwelewa vibaya.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Kanisa Katoliki la Bagamoyo halikuanza na jumbe aliyebatizwa akawaleta watu wake, wala na kijiji kilichoomba mwalimu wa dini. Lilianza na watoto walionunuliwa sokoni Unguja. Misafara mingi iliyolijaza soko lile miaka hiyo ilitokea pande za Ziwa Nyasa na kupitia Kilwa. Mtoto aliyefika Unguja akiwa na miaka saba au minane alikuwa ameshapoteza mama, baba, kijiji, na mara nyingi hata jina. Hao ndio waliokaa mstari wa mbele katika misa za kwanza hapa.

Mapadre wenyewe walianzia ng'ambo. Mwaka 1860 Padre Fava na wenzake walifika Unguja kutoka kisiwa cha Réunion, na mwaka 1863 kazi ikachukuliwa na Shirika la Roho Mtakatifu chini ya Padre Horner. Walikuwa na hospitali, karakana na nyumba ya watoto, lakini yote yalibanana ndani ya Mji Mkongwe. Watoto waliongezeka, na ardhi ya kulima haikuwapo. Na kwa mapadre wale kilimo kilikuwa nusu ya mpango mzima: mtoto ajifunze dini, ajifunze kazi ya mikono, akue, aoe, apate shamba, awe na kwao. Ndiyo maana wakavuka bahari. Tarehe 4 Machi 1868, enzi za Sultani Majid, walipewa ardhi kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na misheni ikaanza.

Kwa hiyo waliijia ardhi. Mji wenyewe ulikuwa wa Kiislamu tangu zamani, wenye majumbe wake wa Kishomvi, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi, na Wazaramo waliouzunguka. Mtu mwenye msikiti wake, ndugu zake na makaburi ya babu zake hakuwa na haja ya kutafuta nyumba nyingine. Aliyeihitaji ni yule aliyenyang'anywa yote hayo.

Hapa mgeni wangu aliniuliza jambo ambalo hata mimi limenisumbua miaka mingi. Je, kununua mtoto ili umkomboe si kumlipa yule yule aliyemteka? Ndiyo, fedha iliingia mfukoni mwa muuzaji, na hilo halifichiki. Ila kwa mtoto aliyekuwa amesimama pale sokoni, tofauti kati ya mnunuzi mmoja na mwingine ilikuwa ndiyo maisha yake yote. Mimi nayashika yote mawili pamoja.

Tusiseme pia kwamba walifika Bagamoyo wakawa huru kwa namna tunayoielewa leo. Walipokua waliozeshwa wao kwa wao, wakapewa kibanda na kipande cha shamba katika kijiji cha Wakristo kando ya misheni. Siku nyingi za juma walifanya kazi za misheni, siku chache wakalima yao. Kengele iliwaamsha, kengele ikawapeleka kanisani, shambani na kulala. Wapo waliotoroka. Napenda hilo lisemwe, kwa sababu mtu anayeweza kutoroka na mtu anayeamua kubaki wote wawili wana nia yao. Waliobaki hawakuwa vitu vilivyowekwa pale. Walikuwa watu waliotazama walichonacho wakaamua kujenga.

Na walijenga kwa mikono yao kweli. Aprili 1872 kimbunga kikubwa kilipiga Unguja na mwambao wa huku. Kiling'oa mikarafuu Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya misheni, ambayo haikuwa hata na miaka mitano. Wakaanza upya. Kanisa lenye mnara huu ni la wakati huo.

Sasa fikiria lugha. Watoto wa makabila mengi, kila mmoja na lugha ya mama yake aliyoanza kuisahau, wamekusanywa chini ya mapadre wa Kifaransa. Wangeongea nini? Waliongea Kiswahili. Katika kijiji kile hakikuwa tena lugha ya soko na bandari tu. Kilikuwa lugha ya kubembelezea mtoto, ya kugombania mpaka wa shamba na ya kuungamia dhambi. Nani alimfundisha Padre Charles Sacleux Kiswahili kile alichokuja kukiandikia kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa, iliyotoka mwaka 1939? Aliishi Unguja na Bagamoyo karibu miaka ishirini tangu 1879. Alisikiliza watu wa mji, ndiyo, lakini kila asubuhi alikuwa na wale wa kijijini.

Tulikaa chini ya mbuyu. Ndani ya gome lake kuna mnyororo uliomezwa na mti, umebaki kipande kidogo tu nje. Wageni wengi hudhani ni mnyororo wa watumwa, wakapiga picha kwa huzuni. Sivyo. Ni wa bibi mmoja Mfaransa, Madame Chevalier, aliyehudumia wagonjwa katika zahanati ya misheni. Mwishoni mwa karne ya 19 alikuwa akimfunga punda wake hapo.

Kisha nikamweleza habari ya mnara. Februari 1874 uliingia Bagamoyo msafara uliobeba maiti. Ilikuwa ya David Livingstone, Mskoti aliyefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake waliuzika moyo wake pale chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa kawaida na kutembea nao kwa miezi mingi hadi pwani. Tarehe 24 Februari mwili ulilazwa katika kanisa hili. Mapadre Wakatoliki wa Kifaransa wakampokea mmisionari Mprotestanti wa Kiskoti bila kumuuliza dhehebu, na kesho yake akavushwa kwenda Unguja.

Vitabu vingi huishia hapo. Mimi naangalia zaidi waliobeba. Chuma alikuwa Myao, aliyefunguliwa minyororo akiwa mtoto mwaka 1861. Susi alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi. Jacob Wainwright, aliyesoma sala za maziko ya moyo kule Chitambo, alikombolewa utumwani akasomeshwa Nasik nchini India. Watu hao walipolaza mzigo wao kanisani, wengi wa waliowazunguka walikuwa na safari kama ya Chuma na Wainwright. Usiku ule, ndani ya kanisa na nje yake, walikuwamo wengi waliopita katika biashara ya watumwa.

Lakini wakati huo chanzo cha waumini wapya kilikuwa kinakauka. Juni 1873 Sultani Barghash alikuwa amefunga soko la watumwa la Unguja kwa shinikizo la Waingereza. Manowari ziliendelea kukamata majahazi na kuleta waliookolewa, ila misheni iliyokaa pwani kusubiri watumwa haikuwa na kesho. Ikabidi igeuze uso kutazama bara. Mwaka 1877 ilianzishwa Mhonda, katika milima ya Nguru, na mwaka 1881 Mandera ya Uzigua. Jozi za waliooana katika kijiji cha Bagamoyo zilisindikizana na mapadre zikaanzisha vijiji huko. Mtoto aliyeburutwa kutoka bara akiwa amefungwa alirudi bara akiwa mtu mzima, na mke wake, jembe lake na sala zake. Si kwao hasa alikotekwa, lakini alirudi. Tangu hapo waliobatizwa walianza kuwa watu wenye koo, Wanguu na Wazigua na wengineo, na mwaka 1890 mapadre wa Bagamoyo walikuwa wamefika Kilema, kwenye miguu ya Kilimanjaro.

Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani, vya 1888 na 1889, vilipoufikia mji, maelfu ya watu walikimbilia misheni, na misheni haikuguswa. Kati ya waliolala chini ya miembe ile walikuwamo wengi ambao miaka ishirini nyuma wasingeingia katika ua wake. Majirani walikuwa wameshazoeana.

Nilimpeleka mgeni wangu mjini pia, kwa sababu habari hii haikamiliki ukiiacha misheni peke yake. Jina kubwa kabisa la dini katika Bagamoyo ni Shehe Ramiya, aliyefariki mwaka 1931, kiongozi wa tarika ya Qadiriyya, ambaye sifa zake zinasomwa hapa hadi leo. Naye alizaliwa pande za Kongo, akaletwa pwani mtoto mdogo akiwa mtumwa, akakulia katika nyumba ya Amir bin Suleiman al-Lemki. Alisoma, akafundisha, akawa shehe wa wale wale waliokuwa mabwana. Njia ile ile ya misafara iliyolipa kanisa waumini wake wa kwanza iliupa msikiti shehe wake. Mtoto wa Bagamoyo akiniuliza mji wake umejengwa na nani, huwa ninamjibu kwa majina haya ya pande zote mbili.

Yaliyofuata yanajulikana. Kanisa kubwa lilijengwa kati ya 1910 na 1914, makao ya askofu yakahamia Morogoro, na misheni ikawa parokia ya kawaida yenye shule na makumbusho. Machi 2025 Bagamoyo ikatangazwa kuwa jimbo.

Jioni tukiwa tunakunywa kahawa nilimuuliza mgeni wangu na yeye anisimulie historia ya kanisa lake. Akaanza kama walivyomfundisha: wamisionari wa Kiskoti walianzia Kibwezi mwaka 1891, wakahamia Kikuyu mwaka 1898, na jina Thogoto ni Wakikuyu walivyolitamka neno "Scot". Kiongozi wa msafara wa Kibwezi aliitwa James Stewart.

Nikamwomba arudie jina hilo. Stewart huyo alihudhuria maziko ya Livingstone katika Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Mwezi uliofuata alisimama mbele ya mkutano mkuu wa kanisa lake Uskoti akapendekeza misheni ya Livingstonia kwenye Ziwa Nyasa, iliyoanza mwaka 1875, na miaka kumi na sita baadaye akaitwa aongoze ya Kibwezi. Na mwili uliozikwa London siku ile ulikuwa umelala katika mnara huu wa Bagamoyo, umebebwa hadi hapa na akina Chuma na Susi.

Mgeni wangu aliweka kikombe chini. Asubuhi, kabla ya basi la Dar es Salaam, aliomba turudi tena misheni. Akasimama mlangoni kwa mnara, akavua kofia, na safari hii hakuniuliza ukoo wa mtu.