Je, wajua kwa nini neno "run" lina maana 645?

Juzi mpwa wangu aliye darasa la sita alinijia na daftari. Alikuwa amepewa sentensi kumi za Kiingereza azifasiri, na ya tatu ilikuwa "My nose is running." Yeye kaandika: "Pua yangu inakimbia."

"Mjomba, hii iko sawa kweli?"

Sikumcheka. Darasani alifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, basi. Hakuna aliyemwambia kwamba hiyo ni maana moja tu katika mamia.

Nasema mamia, na idadi ipo. Peter Gilliver, mhariri wa Oxford English Dictionary, alikaa na neno hilo miezi tisa akilipitia upya kwa ajili ya toleo la tatu la kamusi hiyo. Alipomaliza, kitenzi peke yake kilikuwa na maana 645. Kabla ya hapo bingwa alikuwa "set", ambalo katika toleo la pili la mwaka 1989, lenye majuzuu 20, lilikuwa na maana 430, na maelezo yake yalifika kama maneno 60,000.

Mwingereza hutumia "run" kwa mto unaotiririka, basi linalofanya safari, duka linaloendeshwa, rangi ya kitenge inayochuja kwenye beseni, na watu wanaokimbilia benki kutoa akiba zao wakisikia inafilisika. Mgombea wa Marekani naye ni "run". Kwa mgombea wa Uingereza wanasema "stand", yaani anasimama. Wote wawili wanatafuta kura, ila mmoja anakimbia na mwenzake amesimama!

Imekuwaje neno moja dogo libebe mzigo wote huo? Chanzo kimoja ni cha kale sana. Kiingereza cha zamani kilikuwa na vitenzi viwili vya ukoo mmoja, kimoja cha kitu kinachokwenda chenyewe, kingine cha kukifanya kitu kiende. Kijerumani, ndugu yake, mpaka leo kina "rinnen", kutiririka, na "rennen", kukimbia. Kwa Waingereza maumbo hayo yaliungana yakawa moja. Kwa hiyo pua ya mpwa wangu haikuazima chochote kwa mwanariadha, maana kutiririka kumo ndani ya neno hilo tangu zamani.

Chanzo cha pili, na ndicho kinachonivutia zaidi, mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kukiona kinywani mwake mwenyewe. Sisi tuna viambishi. Kutoka kimbia tunapata kimbiza, kimbilia, kimbizana. Kutoka enda tunapata endesha. Kila tukitaka maana mpya tunageuza mkia wa kitenzi, na kamusi inaandika neno jingine. Kiingereza kimepoteza sehemu kubwa ya mikia ya namna hiyo. Anayekimbia na anayeendesha wanatumia "run" ileile, na tofauti inajulikana kwa maneno yaliyo jirani nayo.

Kisha zikaja mashine. Injini ikahitaji kitenzi, treni ikahitaji kitenzi, baadaye programu ya kompyuta nayo, na kila mara watu walichukua neno lililokuwa tayari mdomoni. Ndivyo lugha zinavyofanya. Mwaka 1945 msomi wa Marekani, George Kingsley Zipf, alionyesha kwamba kadiri neno linavyotumika sana ndivyo maana zake zinavyozidi kuwa nyingi.

Lakini hiyo 645 isichukuliwe kama idadi ya mbuzi zizini. Mtunga kamusi hukusanya mifano ya matumizi, akaipanga mafungu mafungu, kisha akaamua wapi maana moja inaishia na nyingine inaanzia. Kamusi ndogo ya mwanafunzi huyaunganisha mafungu mengi, ikabaki na maana chache.

Nasi tunalo letu. Tunapiga simu, pasi, picha, kura, mswaki, hodi, magoti, chafya na miayo, na katika hayo yote hakuna anayeumia. Mgeni anayejifunza Kiswahili akisikia "nimepiga pasi shati" ana haki ya kuuliza shati limekosa nini. Hapo "piga" imeacha karibu maana yote kwa jina linaloifuata, na sikio letu linasubiri jina hilo bila hata kujijua.

Nilimwambia mpwa wangu aachane na neno "run" kwanza, aniambie akiwa na mafua yeye husemaje. Akafikiri kidogo, akafuta, akaandika: "Makamasi yananitoka." Pua haimo kabisa katika sentensi yake, na ndiyo sahihi. Ya nne ilikuwa "She runs a hotel", na hiyo aliiandika bila kuniuliza.