Kifaduro kwa watoto wachanga: maswali mnayoniuliza meza ya chanjo

Mimi ni nesi, nakaa meza ya chanjo, na maswali ya kifaduro huwa yanakuja pale pale mtoto ameshavuliwa suruali analia, mama anauliza huku mimi nimeshika paja, kwa iyo majibu yanatoka nusu nusu. Nimekaa leo nyumbani nikayaandika yale yanayojirudia.

Nesi, mtoto anakohoa wiki ya pili sasa. Nitajuaje ni kifaduro na sio mafua tu?

Mwanzoni hutajua, na hata mimi sijui. Wiki moja mpaka mbili za kwanza kinafanana kabisa na mafua, kamasi, vikohozi vya hapa na pale, homa ndogo au hamna. Baada ya hapo ndo kinajionesha: kikohozi kinakuja kwa mkupuo, mtoto anakohoa anakohoa anakohoa bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, uso umeiva, machozi yanatoka, ulimi nje, mwisho anavuta pumzi kwa nguvu na hapo unasikia ule mlio mwembamba wa hewa inayoingia kwa shida, afu anatapika. Akimaliza anacheza kama sio yeye. Usiku inazidi. Ukishausikia ule mlio mara moja huwezi kuusahau.

Ila sasa hii ni kwa mtoto mkubwa kidogo. Kichanga cha chini ya miezi sita anaweza asitoe mlio wowote maana hana nguvu ya kuvuta hewa hivyo. Yeye anakohoa kidogo tu, au hata hakohoi, anaacha kupumua kwa sekunde kadhaa. Angalia midomo, ulimi na fizi, usiangalie ngozi tu, maana kwa watoto wetu weusi rangi ya bluu au kijivu inaonekana mdomoni kwanza.

Kuna bibi alileta mjukuu wa wiki tano, malalamiko yake ni kwamba mtoto analala sana na ziwa analiachia. Hakusema neno kikohozi. Tulivyomlaza pale kitandani akakohoa mara mbili tatu, vidogo tu, akanyamaza, nikaona kifua kimeacha kupanda. Nikamsugua mgongo kwa nguvu akashtuka akarudi, lakini zile sekunde zilikuwa ndefu jamani. Alipelekwa hospitali akawekewa oksijeni, alikaa wodini karibu wiki tatu, akapona. Tulivyouliza nani anakohoa nyumbani, ikaonekana mjomba wake wa form three ana zaidi ya mwezi anakohoa, wao wanasema ni vumbi la shule.

Kwani kinatokana na nini? Mama mkwe anasema ni baridi, nilimtoa mtoto nje usiku.

Sio baridi. Ni bakteria anaitwa Bordetella pertussis, wanasayansi wawili Jules Bordet na Octave Gengou walimpata kule Brussels mwaka 1906. Anasafiri kwa matone, mtu akikohoa au akipiga chafya karibu na wewe. Na anaambukiza hatari, mgonjwa mmoja akiwa katikati ya watu wasio na kinga anaweza kuwaambukiza watu 12 mpaka 17. Dalili zinaanza kama siku 7 hadi 10 baada ya kuambukizwa, ingawa inaweza kufika wiki tatu.

Tatizo kubwa ni kwamba mtu mzima anaumwa kifaduro na hajui, kwake ni kikohozi kisichoisha tu, anakunywa tangawizi na maisha yanaendelea. Huyo huyo ndo anambeba mtoto, anambusu. Kwa hiyo akija kichanga amebanwa, mimi namuangalia pia aliyemleta.

Amemaliza dozi ya antibayotiki lakini bado anakohoa. Dawa feki?

Swali zuri na wengi mnagombana na famasi bure. Yule bakteria anajishika kwenye vinywele vidogo sana vilivyo ndani ya koo la hewa, vile ambavyo kazi yake ni kusukuma makohozi yatoke. Anatoa sumu, vile vinywele vinapooza na vingine vinakufa, makohozi yananata pale na mtoto hana njia ya kuyatoa zaidi ya kukohoa. Dawa inamuua bakteria lakini hairudishi kilichoharibika, hicho mpaka mwili ujitengeneze wenyewe na inachukua wiki nyingi, ndo maana Wachina wanakiita kikohozi cha siku mia.

Dawa (mara nyingi azithromycin au erythromycin, dokta ndo anaamua, na kwa mtoto chini ya mwezi mmoja erythromycin inakwepwa kwa sababu inaweza kumletea shida ya tumbo) ikianza mapema wakati bado inaonekana kama mafua, inaweza kupunguza ukali. Ikianza baadaye, faida yake kubwa ni kuzuia asiwaambukize wengine. Kwa hiyo muendelezo wa kikohozi sio dawa feki. Ila kikohozi cha zaidi ya wiki mbili mpime pia TB, tusisahau hilo.

Sumu hiyo hiyo inapandisha chembe nyeupe za damu. Kwa kichanga zinaweza kupanda mpaka damu inashindwa kupita vizuri kwenye mapafu, ndo maana wodini wanarudia rudia kupima damu mnaona kama wanamtesa mtoto.

Mimi niliugua kifaduro nikiwa mdogo na nilichanjwa. Si mtoto amerithi kinga yangu?

Hapana mama, na hapa ndo penye mtego. Surua ukiugua umemaliza, kifaduro sio hivyo. Kinga yake inaisha, iwe uliipata kwa kuugua au kwa chanjo, miaka inavyopita inashuka, na wewe wa miaka 25 leo inawezekana huna kitu. Mama anampitishia mtoto kinga kupitia kondo, lakini utampa nini kama na wewe huna?

Na ile sindano ya mjamzito kliniki mnayoiita ya pepopunda, huku kwetu ni ya pepopunda na dondakoo. Kifaduro hamna mle ndani. Wenzetu Uingereza wameanza kuwachoma wajawazito chanjo yenye kifaduro tangu 2012 baada ya vichanga kufa, na bado mwaka 2024 kule England walipata wagonjwa zaidi ya 10,000 na vichanga kadhaa walikufa. Huku chanjo hiyo haipo kwenye ratiba ya kawaida ya wajawazito, kwa hiyo mtoto wako anazaliwa karibu mikono mitupu.

Sasa kwa nini msimchome siku anayozaliwa kama BCG?

Kwa sababu mwili wa mtoto wa siku chache hauitikii vizuri hii chanjo. Inaanza wiki ya 6, kisha ya 10, kisha ya 14, ile mnayoiita Penta maana inabeba vitano: kifaduro, dondakoo, pepopunda, homa ya ini B, na Hib anayeleta nimonia na homa ya uti wa mgongo.

Hesabu hapo. Wiki sita ni siku 42. Yani ni arobaini ya mtoto na siku mbili juu! Wazee waliosema mzazi na mtoto wakae ndani arobaini sidhani walikuwa wanawaza bakteria, lakini kile kipindi ndo mtoto hana ngao kabisa. Shida mtoto anakaa ndani afu nusu ya mtaa inaingia humo humo ndani kumuona. Mgeni anakohoa, "ni mafua tu shoga yangu", kashambeba. Mkatalieni kwa upole, atamuona akifika miezi mitatu wala hatakuwa amebadilika sura.

Na wiki ya sita iwe wiki ya sita. Sio "tukirudi kutoka kijijini". Dozi ya kwanza peke yake haitoshi lakini tayari inapunguza hatari ya kuumwa vibaya.

Mtoto ni njiti, alizaliwa na kilo moja na nusu. Tusubiri akue?

Msisubiri. Hesabu ni kuanzia siku aliyozaliwa. Njiti ndo anahitaji zaidi.

Tumeruka dozi ya pili, sasa ana miezi saba. Mnaanza upya?

Hatuanzi upya, tunaendelea pale mlipoishia, tukiacha angalau wiki nne kati ya dozi na dozi. Nyie njooni na kadi. Na mkija mkikuta nimenuna sijanuna kwa ajili yenu, ni foleni.

Alipata homa na paja likavimba baada ya Penta. Sirudii tena.

Rudia. Homa siku moja au mbili, kulialia, paja gumu kidogo, hiyo ni kawaida, mpe parasetamo ya maji kwa kipimo cha uzito wake, mnyonyeshe, paja usilikande wala kupaka kitu. Akipata degedege, akivimba uso, akilia masaa matatu bila kunyamaza, mlete na utuambie kabla ya dozi inayofuata.

Alichanjwa zote tatu na ana miaka minne, mbona kaugua?

Inatokea, kinga inashuka kama nilivyosema. Ila mtoto aliyechanjwa mara nyingi anaugua kidogo, anakohoa nyumbani, haishii kwenye oksijeni. WHO wanashauri dozi ya nyongeza, mwaka wa pili wa mtoto ndo inapendekezwa, kwa hiyo uliza kliniki yako kama wanatoa.

Jirani anasema ni kimeo, tukakikate. Au tumpe maziwa ya punda.

Kimeo hapana, hapana kabisa. Kile kinyama kinachoning'inia kooni hakina kesi yoyote. Nimeona mtoto kaja anatapika damu mabonge mabonge, shuka la mama limelowa, na kifaduro chake kipo pale pale. Ukijumlisha wembe usiojulikana umetoka kwa nani, umeongeza pepopunda na virusi vya ukimwi kwenye hesabu.

Maziwa ya punda hayatibu kifaduro. Asali kwa mtoto chini ya mwaka mmoja usimpe, inaweza kuwa na vijidudu vinavyopoozesha misuli yake. Sirapu za kikohozi za dukani hazisaidii hiki kikohozi, na kwa kichanga ni hatari.

Cha maana nyumbani: moshi utoke, iwe wa mkaa, sigara, au udi (najua inauma, lakini udi pia). Nyonyesha kidogo kidogo mara nyingi, na mnyonyeshe akishamaliza mkupuo wa kukohoa, maana hapo anapata muda kabla ya mkupuo mwingine. Akitapika mrudishie. Na kichanga wa chini ya miezi sita anayekohoa kwa mikupuo asikae nyumbani, ni hospitali usiku huo huo.

Shule arudi lini?

Siku 5 baada ya kuanza antibayotiki. Kama hakupata dawa, wiki tatu tangu kikohozi kianze. Na mkiwa na kichanga ndani ya nyumba semeni kwa dokta, wote wa humo ndani wanaweza kupewa dawa hata wasiokohoa.

Bibi yake ndo anayemlea nikienda kazini, na anakohoa. Nitamwambiaje bila kumkosea adabu?

Mwambie nesi kakataa. Niwekeeni mimi lawama, nimezoea. Mwambie "mama, nesi kasema kikohozi chako kipimwe kwanza, na mtoto akae kwa dada siku tano sita utakazokuwa kwenye dawa". Yule bibi wa mjukuu wa wiki tano mwanzoni alinikasirikia kweli kweli nilivyouliza nani anakohoa kwao. Wiki ya kumi alirudi na mtoto mgongoni kwa ajili ya dozi, na yule mjomba wa form three kamshika mkono, anataka nimsikilize kifua.