"Saa sihesabu, kazi naipenda": dhana potofu ninazozisikia kwenye meza ya usonara

Jumamosi iliyopita alikuja tena. Si yuleyule, ni mwingine wa namna ileile: msichana wa miaka 22 hivi, simu imejaa picha nzuri za hereni, ana kipaji ambacho mimi kwa umri wake sikuwa nacho. Nikamuuliza anauza ngapi jozi moja. "Elfu kumi na tano, Mama." Nikamuuliza inamchukua muda gani kuitengeneza. Akacheka. "Aa Mama, saa mi sihesabu. Kazi naipenda."

Nina miaka 16 kwenye meza ya usonara hapa Kamalondo, Lubumbashi, na maneno hayo nimeyasikia mpaka sikio limeota sugu. Leo nayaandika ili anayefuata ayasome kabla hajapanda taksi kuja kwangu.

"Kazi ninayoipenda haina haja ya kuhesabiwa saa"

Tuligeuza karatasi ya kalenda ya mwaka jana, tukaandika nyuma yake. Waya wa shaba 2,500. Jozi ya shanga za malakiti, lile jiwe la kijani, 4,000. Ndoano 500. Kiboksi na utepe 500. Jumla franka za Congo 7,500. "Unaona Mama, ninapata nusu nzima!"

Subiri kwanza. Nani aliyezipeleka kwa mteja kule Ruashi? Yeye mwenyewe, kwenda na kurudi 2,000. Na gesi, na msasa, na ile shanga iliyopasuka akiitoboa? Tukaweka 1,000. Zimebaki 4,500.

Nikafungua saa ya simu yake, nikamwambia atengeneze jozi moja mbele yangu, bila haraka ya kujionyesha. Akanyoosha waya, akakata, akapinda duara. Duara la pili likakataa kulingana na la kwanza. Akalifungua. Sasa shaba ikishapindwa mara mbili tatu inakakamaa, ukiilazimisha inakatika. Basi akaipasha moto mpaka ikaiva wekundu hafifu, akaitumbukiza majini, ikalainika, akapinda upya. Nyundo, tupa, msasa wa 400, wa 800, wa 1200, kitambaa. Saa moja na dakika 50. Ongeza safari ya soko la Kenya (mtaa wa hapahapa mjini, si nchi) kutafuta shanga zinazofanana. Ongeza ujumbe wa WhatsApp wa mteja anayeuliza kama kijani kile kitaendana na kikwembe chake cha harusi, na picha nne alizopigiwa ili aamini. Ongeza Ruashi. Ni saa tatu, na hapo nimemhurumia. Gawa 4,500 kwa 3: franka 1,500 kwa saa.

Nikamtazama kichwani. Alikuwa amesuka vizuri sana. "Aliyekusuka ulimlipa ngapi?" Elfu ishirini. "Ulikaa saa ngapi?" Nne. Basi msusi wake alipata 5,000 kwa saa, na msusi huyo kazi yake anaipenda pia, anaimba akiifanya. Mbona hakumwambia: dada, kwa kuwa unaipenda, nikulipe nywele za bandia tu?

Akanyamaza. Wote hunyamaza hapo.

Wenzake wenye ujanja kidogo huniambia wana kanuni: bei ya malighafi mara mbili, au mara tatu. Sijui nani aliyeisambaza kanuni hiyo mjini, lakini ningempata ningemkalisha chini. Kuzidisha malighafi kunaweza kumfaa anayefanya dhahabu, ambako metali yenyewe ndiyo inayokula pesa. Kwenye shaba ni kujinyonga. Kidani cha waya uliosukwa, ninachokifanya mimi kwa saa tisa, kina shaba ya pesa ndogo tu. Zidisha mara tatu, hujapata hata bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, ya siku hiyo. Pete nyepesi ya fedha ya 925 (ile metali nyeupe, sehemu 925 katika kila 1,000) niliyoifanya kwa nusu saa, kwa kanuni hiyohiyo, inaipita bei ya kidani. Shaba ni rahisi. Kilicho ghali ni mkono.

Hesabu ninayoitumia mimi ni hii: malighafi, jumlisha saa zako mara mshahara wa saa uliojipangia, jumlisha vidogovidogo, yaani gesi, msasa, vilivyoharibika. Hapo umepata gharama. Bei bado. Kwa msichana wetu, tukiweka 4,000 kwa saa: 7,500, na 12,000, na 1,000, jumla 20,500. Usafiri alipe mteja. Juu ya hapo lazima uongeze kitu cha biashara yenyewe, kwa sababu mshahara wako na faida ya biashara ni vitu viwili: huo wa kwanza unaula, ile ya pili inanunua msumeno mpya na kukuvusha mwezi wa Februari ambao hakuna anayenunua hereni. Tukafika 25,000.

"Mama, kwa bei hiyo hakuna atakayenunua."

Labda ni kweli. Lakini dawa si kurudi 15,000 na kufunga macho. Dawa ni kupunguza saa. Tengeneza jozi kumi kwa mkupuo mmoja: nyoosha waya wote, kata vipande vyote, pasha vyote, pinda vyote. Gongomea misumari isiyo na kichwa kwenye ubao, uzungushie waya hapo, na kila duara litalingana na mwenzake bila ubishi. Nilimpa ubao wangu ajaribu. Dakika 110 zikawa 50. Kupeleka mizigo akaamua iwe Jumamosi tu, sokoni mara moja kwa mwezi. Saa tatu zikawa moja na nusu: 7,500, na 6,000, na 1,000, ni 14,500. Anaweza kuuza 18,000 na kulala.

Sasa uone jinsi bei mbovu inavyoua pale unapodhani umefanikiwa. Duka la hoteli linakuambia: lete, tutakuwekea, tunachukua 30 kwa mia. Furaha! Kwa 18,000 wao wanachukua 5,400, wewe unabaki na 12,600, na gharama yako ni 14,500. Kila jozi inayouzwa unapoteza 1,900, na zinauzwa haraka, kwa hiyo unapoteza haraka. Niliwahi kufanya hivyo miezi saba. Nilikuwa nikishangaa kwa nini nina wateja wengi na sina makuta, yaani pesa. Dukani peleka modeli ambayo huiuzi mwenyewe, uipigie bei yake tangu mwanzo. Ukiuza kitu kilekile nyumbani kwa bei ya chini, mwenye duka atajua wiki hiyohiyo, Lubumbashi haina siri.

Kabla hujanunua hata koleo, nunua daftari na mizani ndogo ya gramu. Daftari: saa ya kuanza, saa ya kumaliza, kila siku, hata ukiwa umeshikwa na usingizi. Wanafunzi wangu wananiita mkoloni kwa sababu ya daftari hilo. Waniite.

Na bei ya ndugu? Shangazi akitaka bangili, mpe, lakini iandike kwenye daftari: zawadi, saa mbili. Usiiandike mauzo.

"Tuko mji wa shaba, kwa hiyo shaba ni ya bure"

Ni kweli tuko juu yake. Mwaka 2024 nchi hii, Congo, ilichimba zaidi ya tani milioni 3 za shaba, ya pili duniani baada ya Chile. Lakini inayopita kwenye malori kuelekea mpakani Kasumbalesa ni katodi, sahani nzito zenye usafi wa 99.99 kwa mia, na katodi huipindi kwa koleo. Karatasi nyembamba ya shaba ninayoitumia mimi imekwisha kwenda nje ikarudi, na bei yake imesafiri nayo. Ule waya wa bei rahisi wanaokuuzia vijana kwa kilo, umechomwa ganda usiku, usiuguse: kesho watu watauliza mtaa wao umeme ulikatikia wapi. Tena moshi wa ganda lile la plastiki ni sumu, usije ukajaribu kuchoma mwenyewe nyuma ya nyumba.

"Lazima ubuni kitu ambacho hakijawahi kuonekana"

Kinachouzika kuliko vyote mezani kwangu ni kile kimsalaba cha shaba, na sikukibuni mimi. Mafundi wa Katanga, wale walioitwa walaji wa shaba, walikuwa wakikimimina kwenye kalibu karne nyingi kabla ya mji huu kuanzishwa mwaka 1910. Kilikuwa pesa, watu walinunulia vitu na kulipia mahari. Mwaka 1960 kiliwekwa hata kwenye bendera ya Katanga, mara tatu. Wateja wengine hudhani ni cha kanisa. Wewe kifanye kwa unene mzuri, ukipe kingo safi, weka tundu mahali pake.

"Malakiti ni jiwe, na jiwe haliharibiki"

Mama mmoja alinirudishia bangili akiwa amekasirika. Shaba inang'aa kama jua, malakiti imekuwa kijivu, imekwaruzika, kama imepakwa unga. "Umeniuzia plastiki." Nikamuuliza aliisafisha kwa nini. Kwa ndimu na chumvi, kama sufuria. Basi! Malakiti ni shaba iliyoungana na kaboneti. Asidi inaila huku ikitoa povu. Ndimu ile iliyong'arisha shaba ndiyo iliyolamba jiwe. Siki vilevile, na manukato. Jiwe hili lisafishwe kwa kitambaa chenye unyevu, livaliwe baada ya manukato kukauka.

Na ni laini: ugumu wake kwenye kipimo cha Mohs ni 3.5 hadi 4. Kisu kinalikwaruza. Mchanga wa barabara zetu una madini ya kwazi (quartz), ugumu 7. Kwa hiyo kidani na hereni sawa, pete ya kuvaa kila siku sitakufanyia, hata ukilia.

Plastiki inayoigiza malakiti ipo, imejaa. Iweke shavuni: jiwe ni la baridi na zito, plastiki inapata joto upesi, na mistari yake inajirudia kama karatasi ya ukutani. Unayekata mwenyewe, kata kwa maji na uvae barakoa. Vumbi lake lina shaba, si la kuvuta. Nimeona vijana wakilisugua kavu, midomo ya kijani, wanacheka.

"Ikiacha kijani mkononi, ni shaba bandia"

Kinyume chake. Jasho na shaba halisi vinatengeneza chumvi ya kijani. Inaoshwa kwa sabuni, haidhuru. Paka nta ya nyuki ndani ya bangili, itapungua. Hata fedha ya 925 ina sehemu 75 za metali nyingine katika kila 1,000, kwa kawaida shaba, ndiyo maana inawahi kuwa nyeusi kuliko fedha safi. Anayewashwa na kutoka vipele, hapo mara nyingi wa kushukiwa ni nikeli iliyo kwenye ndoano za bei ya chini. Badili ndoano.

"Nikipata mtaji wa dola 3,000 nitaanza"

Hapana. Koleo mbili, nyundo, tupa, msumeno wa sonara na nyembe zake, tochi ya gesi. Na daftari, nimeshasema.

"Karatasi ni za makampuni makubwa"

Congo imo tangu 2012 katika OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara, na sheria yake ya biashara ina ngazi ya mtu mdogo, wanamwita antreprenan: hutakiwi kusajiliwa kama mfanyabiashara mkubwa, unatangaza tu shughuli yako kwenye daftari la biashara, RCCM. Siku hoteli au kampuni ya mgodi inataka zawadi 60 za mwisho wa mwaka, swali lao la kwanza ni faktura (ankara) yenye namba. Nimeona oda kama hiyo ikimponyoka fundi hodari kuliko mimi, ikaenda kwa mwenye karatasi.

"Bangili ya shaba inatibu viungo"

Watafiti wa Chuo Kikuu cha York, Uingereza, waliwavisha wagonjwa wa baridi yabisi bangili za shaba na nyingine za kuigiza, wakatoa matokeo mwaka 2013: hakuna tofauti ya maana. Kwa hiyo usiiuze kama dawa. Nina mzee mmoja wa Katuba anayeapa kwamba goti lake limepona tangu aivae mkononi. Alitaka niandike kwenye faktura "dawa ya goti" ili watoto wake wamrudishie fedha. Nimemwandikia bangili, moja, saa mbili na robo.